Maji yanaisha, skrini za kuprintia bado chafu: tunaanza kuosha kinyume

Wale wa Dar mnakumbuka mwezi wa kumi 2022, mto Ruvu umepungua, mamlaka ya maji DAWASA wakatangaza mgao, kwetu huku Buguruni maji yakawa yanatoka usiku wa manane au hayatoki kabisa. Sisi kwenye karakana yetu ya kuprinti tulikuwa na oda ya tisheti za kikoba, rangi tatu mbele na moja mgongoni, kwahiyo ikabidi tuite boza tujaze tenki letu la lita 1,000. Jioni kazi imeisha, dogo kashika mpira anaosha skrini, zile fremu zenye meshi tunazoprintia, kama siku zote, maji yanatiririka yanavuka mlango mpaka barabarani, mama ntilie wa jirani akapita na ndoo tupu akasimama anaangalia. Hakugomba wala nini. Alisema tu, "Mwanangu, hayo mnayomwaga hapo mimi napikia siku mbili." Nikamwambia samahani mama, nikachukua ndoo nikamjazia, akashukuru akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri kiukweli.

Kesho yake nikapima. Nilichukua ndoo ya lita 20 nikafungua mpira kama tunavyofungua wakati wa kuosha, nikaweka saa ya simu, ndoo ikajaa ndani ya dakika moja hivi. Alafu nikakaa kuangalia dogo anatumia muda gani kwenye skrini moja, kuanzia kutoa wino mpaka kuvua emalsheni (ule utando unaopakwa kwenye meshi ukachomwa kwa mwanga kutengeneza picha), dakika nane, na hapo mpira haufungwi hata anapoinama kuokota brashi. Piga hesabu mwenyewe, lita 160 kwa skrini moja, skrini sita tenki limekwisha. Na bado ukiinua skrini juu ya taa unaona kivuli cha picha ya zamani, haijatakata!

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho mpaka leo nabishana na mafundi wenzangu. Shida yetu sio mpira mkubwa wala dogo mzembe, shida tunaanza na maji. Maji yanatakiwa yawe hatua ya mwisho, sisi tumeyafanya ya kwanza, tunataka presha ya maji ifanye kazi ya kukwangua, kazi ya kufuta na kazi ya dawa, vyote kwa pamoja, na maji hayawezi. Plastisoli (wino wetu wa plastiki) haiyeyuki kwenye maji hata uimwagie bahari nzima ya Hindi.

Kwahiyo saivi kwetu mpira haufunguliwi mpaka vitu fulani viwe vimefanyika. Wino wote uliobaki kwenye skrini unakwanguliwa kwa kipande cha plastiki ngumu unarudi kwenye kopo lake, na hapa watu wanadharau ila wino ni hela, ule unaobaki kwenye kona na kwenye raba ya kuvutia wino ukiukusanya wiki nzima unaprinti nao kazi ndogo. Kinachobaki kinafutwa kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, kidogo kweli, pande zote mbili, alafu tambara kavu. Matambara yenyewe tunayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko mbali na jiko na mbali na kipulizio cha kukaushia, yale yanashika moto kirahisi sana jamani. Baada ya hapo sabuni ya vyombo na sponji yenye unyevu tu, kuondoa ule mafuta-mafuta, maana skrini ikiwa na mafuta dawa ya kuvulia emalsheni haipenyi, na dawa isipopenya unabaki unapiga maji mpaka mkono unauma. Nusu ya maji tuliyokuwa tunamwaga yalikuwa yanakwenda hapo, kupigana na mafuta.

Na ukiweka gundi tepu vizuri pembeni mwa skrini kabla ya kuprinti, wino hauingii kwenye fremu kabisa, unabandua tepu unatupa, hamna cha kuosha. Hii ni ya bure kabisa na ndo watu hawafanyi.

Kuhusu kuvua emalsheni yenyewe. Tulichonga beseni refu la plastiki, skrini inasimama humo wima, ndani kuna maji yaliyochanganywa na dawa ya kuvulia, ile ya unga inayoyeyushwa. Skrini inakaa humo dakika chache emalsheni inalainika yenyewe, ukiitoa inaanza kuporomoka, mpira ukija ni kusukuma tu. Maji ya beseni hayamwagwi kila siku, yanatumika skrini nyingi mpaka dawa ichoke ndo tunabadilisha. Ila skrini lazima iingie humo ikiwa haina wino, ukiingiza yenye wino umechafua beseni zima, na usiisahau humo ukaenda kula. Kama huna beseni pakaa dawa kwa brashi pande zote mbili uache dakika moja au mbili, mradi isikauke. Narudia isikauke. Dawa ikikaukia kwenye meshi emalsheni inajifunga moja kwa moja, hapo hata ulete gari la zimamoto haitoki, meshi imekufa. Nimepoteza skrini mbili hivyo, simu iliita nikaenda kuongea nje kurudi imekauka.

Kuna wanaotumia jiki. Mi sikatazi, kwa emalsheni nyingi inafanya kazi japo taratibu, ila vaa glovu, fungua madirisha, na usithubutu kuichanganya na dawa nyingine ya usafi hasa zenye asidi au amonia, ule moshi wake unaua.

Sasa mashine ya presha. Fundi mmoja mkubwa kwangu, tunaheshimiana sana, aliniambia, "Mdogo wangu, wewe unahubiri kubana maji alafu umenunua mashine ya kuoshea magari?" Nikamwambia kaka pima kwanza. Mashine ndogo za umeme nyingi zinatoa kama lita 6 mpaka 8 kwa dakika, mpira wetu ulikuwa unatoa 20, na mashine kwa skrini iliyokwishalainika inamaliza dakika moja na nusu. Nguvu inatoka kwenye presha, sio kwenye wingi wa maji. Ila kuna sehemu sikubali itumike, skrini uliyotoka kuichoma kwa mwanga sasa hivi. Ile emalsheni bado laini, ukiipiga presha kubwa mistari myembamba inaondoka na herufi zinakatika, pale ni maji ya taratibu tu. Kama huna hela ya mashine, funga bastola ya maji kwenye mpira, ile ya kubonyeza, ukiachia mkono maji yanakata yenyewe. Hiyo peke yake ilitupunguzia sana kabla hata sijanunua mashine.

Alafu kuna kubana maji kwa kijinga, hapa naomba nisieleweke vibaya. Kuna jamaa wakisikia habari hizi wanapunguza suuza ya mwisho, wanaona ndo sehemu rahisi. Usifanye hivyo! Dawa ikibaki kwenye meshi, emalsheni mpya utakayopaka haishiki vizuri, inatoboka-toboka vidoa vidogo katikati ya kazi, unaharibu tisheti za mteja, unarudia skrini, umetumia maji mara mbili. Suuza ya mwisho iwe ya maji safi na ya kutosha. Sisi tunachofanya maji ya suuza ya mwisho yanakingwa kwenye pipa, hayo ndo yanaanza kwenye skrini inayofuata, maana yana sabuni kidogo tu. Na kama mna kisima cha maji chumvi kama ilivyo mitaa mingi ya Dar, hayo yatoshe kuanzia, ya bomba yabaki ya mwisho.

Ukitumia wino wa maji mambo yanabadilika kidogo, ule unakaukia kwenye meshi haraka hasa joto letu hili la mwezi wa kwanza, ukisema uukwangue baadae umechelewa. Kuwa na chupa ya kupulizia maji mkononi, lowesha wakati unaprinti, na ukimaliza futa hapohapo na sponji yenye maji kabla hujanywa hata chai. Ndoo moja inatosha kama umewahi. Ukichelewa nusu saa, ndoo tano hazitoshi.

Kitu kingine ambacho kinaniuma zaidi hata ya bili ni hayo maji machafu yanakoenda. Mifereji ya huku inaishia Msimbazi, kila mtu anaujua ule mto ukifurika unavyorudisha uchafu majumbani kwa watu. Vipande vya emalsheni, wino, mafuta, vyote tulikuwa tunasukuma humo kwa lita 160 za maji safi. Saivi tumeweka kipande cha meshi iliyochanika kwenye tundu la maji, kila jioni unakuta ganda zito la rangi limeganda pale, tunalikausha tunalitupa na taka za kawaida. Wiki ya kwanza nilimwita dogo aje aone lile ganda, akaniuliza, "Bro, hivi hii yote zamani ilikuwa inaenda wapi?" Nikamwonyesha mfereji.

Kwa hesabu ya juzi tumefika kama lita 25 kwa skrini, nimepima kwa ndoo ileile. Na skrini za wateja wa kudumu, nembo ya shule, nembo ya kikoba, hatuzivui tena, tunazifuta wino tunazitundika ukutani na jina la mteja kwa mkaa, akirudi mwezi ujao ipo tayari. Zipo kumi na nne pale ukutani, hizo hata tone hazijanywa.