Kamati ya Harusi Haikuniuliza

Mwenyekiti wa kamati alinipigia juzi, kwa sauti ya upole kabisa. "Kaka, tumekaa kikao tukaona tusikusumbue. Tumechukua mpiga picha mwingine. Ila wewe njoo, kadi yako ipo, tena dabo." Nilimshukuru, maana ni mtu mzima na nia yake ni njema. Lakini nimeumia, na naandika ili kamati nyingine zisome.

Hakuna hata mmoja kwenye kikao kile aliyeomba kuona picha nilizopiga tangu nianze kutumia kitimwendo. Wangeziona wasizipende, ningekubali. Dodoma ya sasa kila mtaa una kijana mwenye kamera nzuri, na ushindani ni haki. Kikao kilichojadili miguu yangu badala ya picha zangu sikikubali.

Pikipiki ilipoanguka, uti wa mgongo uliumia usawa wa kifua. Mikono ni ile ile. Kilichobadilika kwenye picha zangu ni kimo, na hapa ndipo nataka watu wanielewe. Wazee wa studio wanazikumbuka kamera za lenzi mbili, zile unazozishika tumboni na kuchungulia kwa juu. Mtu mzima, kichwa mpaka viatu, alipigwa kutoka usawa huo na akatoka na umbo lake. Mpige kwa karibu kutoka usawa wa macho ya aliyesimama: miguu inafupika, kichwa kinazidi. Kiti changu kimeniweka karibu na usawa ule wa wazee.

Halafu angalieni nani wanakaa kwenye sherehe zetu. Bibi aliyeletwa kutoka Mvumi, kakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na feni. Mama mzazi, mezani. Watoto, chini, sahani mapajani. Aliyesimama anaondoka na utosi na vilemba. Mimi na bibi tunatazamana, tunasalimiana, anasahau kamera, na hapo ndipo napiga. Kule Chamwino wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma wanaibana katikati ya mapaja. Picha zangu za zamani za muheme zilikuwa nyuso na shanga. Sasa ngozi ya ngoma na viganja viko mbele ya jicho langu, uso wa mama uko juu yake, nyuma ni anga tupu. Ndizo picha bora nilizowahi kupiga maishani. Sikuzipata nilipokuwa natembea.

Haya, zipo kazi siziwezi. Kusimama nyuma ya kirikuu kuufuata msafara na matarumbeta, hapana. Miamba ya Kolo kule Kondoa, yenye michoro ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, inataka kupanda mawe. Anapanda mpwa wangu, anashuka na picha, namweleza mwanga ulipokosea, anapanda tena. Picha hizo zina majina mawili, lake likitangulia, maana jasho ni lake. Jua la mchana wa mwezi wa kumi na moja nalo silikai, kwa sababu chini ya palipoumia mwili hautoi jasho ipasavyo na joto linapanda bila kujipoza. Kwa hiyo kazi za nje nazipanga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mwanga mzuri uko saa hizo hizo.

Kinachonizuia hasa ni kumbi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Serikali ilitangaza kuhamia hapa mwaka 2016. Naingia kumbi zilizojengwa baada ya yote hayo, rangi haijapauka, na mlangoni kuna ngazi. Ngazi moja ya sentimita 15, kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili (kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda mbele), inataka ubao wa mita 1.8 tu. Jukwaa la sentimita 60 linataka zaidi ya mita 7, hilo naelewa. Naweka kamera kwenye stendi juu pale, naiongoza kwa simu nikiwa chini. Lakini mlangoni? Mwenye ukumbi aliyenunua mataa ya rangi anashindwaje na ubao?

(Wenzangu mnaotaka vifaa: asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Kaombeni.)

Kamati zinazopanga harusi za Desemba, ombeni kwanza albamu zangu mbili za mwisho, mzitazame kikaoni. Mkizipenda, twende tukakague ukumbi pamoja kabla ya kulipa kianzio, nipime mlango na choo. Ubao nakuja nao mwenyewe. Bei yangu ni ile ile ya zamani, na haipungui kwa sababu nimekaa.