Songkran: Je, Maji Yameifuta Mila?

Kila Aprili, tarehe 13 hadi 15, Thailand inapoadhimisha Songkran, mwaka wake mpya wa jadi, hurudi lawama ileile: kwamba sikukuu ya kuogesha sanamu za Buddha na kuwamiminia wazee viganjani maji yenye manukato ili watoe baraka imegeuzwa vita vya bunduki za maji. Lawama hiyo haikosi msingi. Katika mtaa wa Khao San jijini Bangkok, na kando ya handaki la maji linalouzunguka mji mkongwe wa Chiang Mai, vijana hupakia mapipa kwenye pikapu, wakatumbukiza mapande ya barafu na kummwagia yeyote apitaye. Na wapo wanawake wanaoshikwashikwa kwa kisingizio cha mchezo, jambo lisilo na utetezi.

Hata hivyo, wanaoililia Songkran ya zamani husahau kwamba dola iliigusa mapema, kabla ya watalii. Mwaka 1889 Mfalme Chulalongkorn aliuweka mwaka mpya rasmi tarehe 1 Aprili, na kuanzia 1941 serikali ya waziri mkuu Phibun ikauhamishia 1 Januari. Sikukuu iliyokwisha kunyang'anywa kazi yake rasmi ya kufungua mwaka ilibaki mikononi mwa familia, mahekalu na mitaa, na huko ndiko ilikopona.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji ni vifo. Katika "siku saba za hatari", kama kiitwavyo huko kipindi cha Songkran, watu zaidi ya 200 hufa barabarani karibu kila mwaka, na idadi hiyo hutajwa kana kwamba wameuawa na maji. Ukiichambua, unakuta ajali nyingi ni za pikipiki, na vyanzo vikuu ni mwendo kasi na ulevi. Tena barabara hujaa kwa sababu wafanyakazi wa Bangkok huondoka kwa wingi kwenda mikoani, wengi wao Isan, eneo la kaskazini-mashariki mwa nchi, kuwaona wazazi. Yaani ile sehemu ya Songkran inayosifiwa kuwa ndiyo safi, ya mtoto kurudi kuomba baraka, ndiyo inayowatoa watu safarini. Kupiga marufuku bunduki za maji Khao San hakumpunguzii mwendo mlevi aliye juu ya pikipiki kijijini kwao, wala hakumvishi kofia ngumu.

UNESCO iliiingiza Songkran katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2023, na mwaka uliofuata serikali ikainadi kwa watalii kama tamasha la mwezi mzima. Mwenye hofu juu ya mila angeanza kuuliza hapo, kwa kuwa kijana anayemmiminia bibi yake maji asubuhi na kushika ndoo mchana bado anaijua siku yenyewe.