Hilda Solis: Sheria Ilitaja Haki, Udongo Ukabaki na Risasi

Raul Solis alihamia Marekani kutoka Mexico, akaajiriwa kwenye kiwanda cha Quemetco huko City of Industry, mashariki ya Los Angeles. Ni kiwanda cha kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha upya madini ya risasi yaliyomo ndani. Humo alikuwa kiongozi wa wafanyakazi chini ya chama cha wafanyakazi cha Teamsters, akipigania bima bora ya matibabu kwa wenzake, na humo humo akapata sumu ya risasi mwilini. Mkewe Juana, aliyetoka Nicaragua, alikaa miaka zaidi ya ishirini akiunganisha vitu vya kuchezea watoto katika kiwanda cha Mattel. Walilea watoto saba. Wa tatu ni Hilda, mwanasiasa wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1957.

Wanaomsifu Hilda Solis na wanaomlaumu wote hugombania swali moja: ajira au afya? Nyumbani kwao La Puente swali hilo halikuwa na mahali pa kukaa. Tanuri lililomlisha baba ndilo lililomdhuru, na alichodai baba ni kazi isiyoua. Naamini hapo ndipo ilipoanzia siasa yake yote.

Shuleni, mshauri wa wanafunzi alimwambia mama yake kwamba binti huyu hafai chuo kikuu, afadhali awe karani kama dada yake. Alipata shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Cal Poly Pomona mwaka 1979 na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California (USC) mwaka 1981, akaingia Bunge la California kwa uchaguzi wa 1992. Mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini kuchaguliwa katika Seneti ya jimbo hilo. Eneo aliloliwakilisha, Bonde la San Gabriel, lilikuwa na mashimo ya kuchimba kokoto, maji ya ardhini yaliyochafuliwa na kemikali za viwanda, na dampo la Puente Hills, lililokuwa kubwa kuliko yote nchini Marekani hadi lilipofungwa 2013.

Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni muswada SB 115, kuhusu haki ya mazingira. Gavana Pete Wilson alikuwa amekataa kutia saini jaribio la awali; mrithi wake Gray Davis alitia saini mwaka 1999, na California ikawa jimbo la kwanza kuandika maana ya haki ya mazingira ndani ya sheria: kwamba watu wa rangi, tamaduni na vipato vyote watendewe haki sawa katika kutunga na kutekeleza sheria za mazingira. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Ujasiri ya John F. Kennedy, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Hoja ya wanaomkosoa kutoka upande wa wananchi ina uzito, na sioni njia ya kuikwepa. Sheria ile iliagiza ofisi za serikali ziratibu mambo na ziandae sera. Haikuweka kiwango kipya cha moshi, wala haikumfungulia mkazi mlango mpya wa kwenda mahakamani. Huko Vernon, kusini mwa katikati ya jiji la Los Angeles, kiwanda kingine cha kuyeyusha betri, Exide, kiliendelea kwa miongo kadhaa kwa kibali cha muda tu, huku vumbi la risasi likitua Boyle Heights, Maywood na Huntington Park, mitaa ambayo wakazi wake wengi ni Walatino. Kilifungwa mwaka 2015, miaka 16 baada ya sheria kusainiwa. Mwaka 2016 jimbo lilitenga dola milioni 176.6 kwa ajili ya kupima na kusafisha nyua za watu, na mwaka 2020 mahakama ya kufilisi ikairuhusu kampuni ilitelekeze eneo hilo. Gharama ikawaangukia walipa kodi. Solis, ambaye tangu mwishoni mwa 2014 ni mmoja wa wasimamizi watano wa Kaunti ya Los Angeles, alipaza sauti kudai usafishaji uharakishwe. Lakini mtoto aliyekuwa akicheza kwenye udongo ule hakuwa na muda wa kungoja.

Hata hivyo siwezi kusema sheria ile ilikuwa maneno matupu. Kabla yake, mama wa Maywood aliyelalamika alijibiwa kwa vipimo vya bomba moja la moshi. Baada yake, serikali ilikuwa na wajibu ulioandikwa wa kuuliza nani anaishi chini ya moshi huo, na mabomba mangapi mengine yanamzunguka. Juu ya msingi huo ilikuja ramani ya jimbo inayopima mzigo wa uchafuzi mtaa kwa mtaa, na sheria ya 2012 iliyoagiza robo ya fedha zinazotokana na kuuza vibali vya kutoa hewa ya ukaa inufaishe jamii zilizoelemewa. Usilolipa jina kisheria hulipangii bajeti.

Upande wa wenye viwanda nao una hoja, na wanamazingira huipita haraka mno. Betri za risasi zitayeyushwa mahali fulani. Mwaka 2008 serikali kuu ilikaza kiwango cha risasi hewani mara kumi, kutoka mikrogramu 1.5 hadi 0.15 kwa mita ya ujazo. Kati ya 2004 na 2011 shehena za betri chakavu kwenda Mexico ziliongezeka mara kadhaa, na huko masharti yalikuwa mepesi zaidi. Ukiwakinga watoto wa Boyle Heights kwa kuwasukumia sumu wa Mexico, haki imehamishwa tu. Sisi wa pwani ya Kenya tunalijua jambo hili kwa uchungu: mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulidhurika na kiwanda cha aina hiyo hiyo, na ilichukua harakati za mtetezi wa mazingira Phyllis Omido na wenzake hadi mahakama ya mazingira ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Fidia hiyo nayo ikakwama katika rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoirejesha mwaka 2024. Kwangu mimi hoja ya wenye viwanda inadai kiwango kimoja pande zote za mpaka. Haihalalishi kulegeza cha Los Angeles.

Jibu la Solis mwenyewe lilikuwa ajira za kijani. Akiwa katika Bunge la Marekani alishirikiana na mbunge mwenzake John Tierney kupitisha, ndani ya sheria ya nishati ya 2007, mpango wa kufundisha watu kazi za sola na kuhami majengo. Alipokuwa Waziri wa Kazi wa Rais Obama mwaka 2009, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini kuongoza wizara katika serikali kuu, alipata dola milioni 500 za mafunzo ya aina hiyo. Mwaka 2011 mkaguzi wa wizara yake mwenyewe aliripoti kwamba waliopata kazi walikuwa takriban asilimia 10 tu ya lengo. Watetezi walisema miradi ilikuwa bado njiani na uchumi umeporomoka, na ni kweli. Ila kumfundisha mtu kufunga paneli pasipo na mwajiri ni kumwongezea cheti tu, na baba yake Solis, aliyejua thamani ya mkataba wa kazi, angeliona pengo hilo upesi.

Quemetco bado inayeyusha betri. Baada ya Exide kufungwa, imebaki ya pekee ya aina yake upande wa magharibi wa Milima ya Rocky, na majirani wa Bonde la San Gabriel wangali wanahudhuria vikao kuhusu kibali chake.