Figo ya Marehemu Mzee: Ipokelewe au Isubiriwe Nyingine?

Tuseme figo mbili zimelala kwenye barafu usiku mmoja. Moja ni ya kijana aliyekufa ajalini baada ya kupoteza damu nyingi. Nyingine ni ya mzee wa miaka 68 aliyeishi na shinikizo la damu na kisukari, kisha akafa kwa kiharusi. Vipimo vya damu vinaonyesha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, ilipanda kwa wote wawili kwa kiwango kilekile. Ukisoma karatasi tu, utadhani figo hizo ni ndugu.

Lakini sivyo. Ya kijana imepata mshtuko. Huenda aliyepandikizwa akahitaji mashine ya kusafisha damu wiki ya kwanza, ila mara nyingi figo ya namna hiyo huamka na kudumu karibu sawa na nyinginezo. Ya mzee ina makovu, na kovu halirudi kuwa nyama hai. Binadamu huzaliwa na takriban vichujio milioni moja katika kila figo, na vinavyokufa havioti tena. Hata kiharusi chenyewe ni ushahidi, kwa kuwa mara nyingi mishipa iliyokakamaa kichwani imekakamaa na figoni pia.

Kwa hiyo wanaosita wana haki ya kusita. Tangu 2014, Marekani hupanga figo za marehemu kwa kipimo kiitwacho KDPI, kinachojumlisha umri, kisukari, shinikizo, chanzo cha kifo, kreatinini na mengineyo; alama ikipanda, figo ni dhaifu zaidi. Kwa makadirio yao, nusu ya figo zenye alama 20 kushuka chini huwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 11 hivi. Zenye zaidi ya 85, nusu hufikia miaka mitano na ushei tu. Tena figo ikifa, mwili huwa umeshatengeneza kingamwili zinazofanya kupata ya pili kuwe kugumu zaidi.

Hata hivyo, hesabu hiyo inalinganisha figo na figo, wakati mgonjwa kitandani hana figo mbili za kuchagua. Ana hiyo moja, au mashine. Utafiti wa Marekani wa 2005 ulionyesha kwamba penye foleni ndefu, wagonjwa wenye zaidi ya miaka 40 waliishi muda mrefu zaidi wakipokea figo hizi zenye kasoro kuliko wakiendelea kungoja. Mwanzoni hatari ya kifo huwa kubwa kwa sababu ya upasuaji. Faida huja baadaye. Ulaya, mpango wa 1999 wa Eurotransplant, shirika linalogawa viungo kwa nchi kadhaa, ulikwenda mbali zaidi: figo za waliofariki wakiwa na miaka 65 na kuendelea hupewa wagonjwa wa umri huohuo, tena walio karibu, ili zisikae sana kwenye barafu. Naona huo ni uamuzi wa busara. Kati ya 2004 na 2014, Marekani ilitupa karibu asilimia 18 ya figo zilizokwisha kutolewa, Ufaransa asilimia 9. Nyingi kati ya zilizotupwa, Wafaransa wangezipandikiza.

Sababu za kukataa nazo huchakaa. Zamani marehemu akiwa na homa ya ini aina ya C, hilo lilitosha figo yake kukataliwa. Leo dawa za wiki 12 humponya homa hiyo karibu kila anayepokea figo ya namna hiyo.

Mgonjwa wa miaka 28 aliye na ndugu wa kumchangia, nisingemshauri kupokea figo ya yule mzee. Mwenye miaka 63, ana kisukari na foleni yake ni ya miaka mitano, ningemsihi aipokee. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi hata haulizwi. Utafiti wa Marekani wa 2019 uligundua kwamba wagonjwa wengi waliofia kwenye foleni walikuwa wameshatengewa figo zaidi ya mara moja, zikakataliwa kwa niaba yao na hospitali zao, na baadaye zikapandikizwa kwa watu wengine.