Kusi Haimlazi Kolekole

Kusi, upepo wa kusini, ikishashika, kati ya Juni na Agosti, wavuvi wa fimbo wa Dar es Salaam hugawanyika. Wapo wanaofungia chambo bandia kabatini na kurudi kwenye ngisi, vibua na chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, mpaka upepo upoe. Wapo wanaoendelea kurusha chambo bandia kumtafuta kolekole, samaki mwindaji wa mwambani, lakini wengi wao huvuta polepole mno, kwa kufuata video za Uingereza na Ufaransa zinazofundisha kumvua sibasi, yule Dicentrarchus labrax wa pwani za Ulaya, wakati wa baridi. Hawa wa pili wana haki kuliko wanavyodhaniwa. Kinachowaangusha ni mbinu waliyoazima, na wakiangushwa nayo, wenzao wa chambo hupata ushahidi wa bure kwamba msimu umekufa.

Kule kwao mbinu hiyo ni sahihi kabisa. Bahari kati ya Uingereza na Ufaransa hufika nyuzi 17 hivi mwishoni mwa kiangazi na kushuka hadi 9 hivi mwezi Februari. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, na kwa makadirio ya kawaida ya kibiolojia, maji yakipoa kwa nyuzi 10, shughuli za mwili wake hupungua kwa karibu nusu. Sibasi wakubwa huelekea maji ya kina kutaga mayai, na wanaobaki ufukweni hawana nguvu za kukimbiza kitu. Ndiyo maana mvuvi wa kule hufunga chambo bandia kidogo cha raba laini, huzungusha mkono wa rili nusu mzunguko, husimama, kisha huzungusha tena.

Sasa tupige hesabu ileile hapa. Maji ya Dar hukaribia nyuzi 29 au 30 mwezi Machi na kushuka hadi 25 hivi mwezi Agosti. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 4 au 5. Kwa kanuni ileile, mwili wa kolekole hupungua kasi kwa robo, pengine zaidi kidogo. Na maji hayo ya nyuzi 25, ambayo sisi tunayaita ya baridi, yana joto kuliko sibasi wa kule anavyopata katikati ya kiangazi chake. Kanuni ni ya wastani na kila samaki ana yake, lakini hata tukiipa nafasi ya kukosea, ili kolekole azubae kama sibasi wa Februari yangehitajika maji ya nyuzi 21 au 22, na fukwe zetu hazina maji hayo. Anayeona baridi alfajiri ya Julai ni binadamu aliyesimama kwenye upepo na nguo zilizolowa. Samaki aliye chini yake bado ana uwezo wa kukamata chochote unachoweza kukivuta kwa mkono.

Uvutaji wa polepole una hasara nyingine, nayo ndiyo inayojaza malalamiko. Mwamba wa Oysterbay na Msasani ni sakafu ya mawe yenye mashimo, na maji ya kujaa juu yake mara nyingi ni mita 2 hadi 4 tu. Jigi, yaani chambo bandia cha chuma, la gramu 40 hufika chini ndani ya sekunde chache. Ukilivuta kwa mwendo wa sibasi, linalala kwenye jiwe, linanasa, unakata mshipi. Ukipoteza matatu asubuhi moja utaapa kwamba chambo bandia ni anasa ya watalii, na pesa iliyozama hapo ingekununulia ndoano na chubwi za msimu mzima. Jigi kwenye mwamba linatakiwa lianze kutembea mara linapogusa maji. Rili ya saizi 5000 yenye gia ya kasi hukusanya karibu mita 1 kwa mzunguko, kwa hiyo mizunguko miwili kwa sekunde si papara. Kurambaza nguru, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, hutegemea jambo hilohilo: kitu kinachokimbia.

Ndoano nazo zina mchango wake. Jigi likiuzwa na ndoano ya miguu mitatu mkiani, iondoe. Funga ndoano moja ya saizi 3/0 au 4/0 juu, upande unaofungwa mshipi, kwa uzi mfupi mgumu. Mkia ndio unaotangulia kuzama na ndio unaogusa jiwe, basi ukiwa mtupu mara nyingi utateleza. Utakosa samaki wachache, hilo nakubali. Lakini anayebaki kwenye ndoano moja nene hainyooshi kirahisi, na ukitaka kumrudisha mdogo majini, unamtoa bila kumrarua.

Upande wa chambo halisi una hoja nzito mbili. Ya kwanza ni uchafu wa maji. Kusi hutibua mchanga, na mvua ikinyesha mto Msimbazi humwaga maji ya rangi ya chai kuelekea Oysterbay. Hapo kolekole hakioni chuma chako, wakati ngisi ana harufu inayosafiri. Pima hivi: simama maji ya magotini. Kama huoni miguu yako, rudisha chuma kwenye boksi. Ya pili ni samaki wenyewe. Anayemtaka changu au chewa, hasa usiku, hana sababu ya kuhangaika na jigi.

Hata hivyo kusi haimwachi salama mtu wa chambo. Mawimbi huviringisha chubwi mpaka liingie kwenye ufa, mwani hujikusanya kwenye mshipi uliosimama, na wadogo humaliza ngisi kabla mkubwa hajafika. Kwenye upepo huu chubwi hupotea kama jigi linavyopotea, ila kwa kuwa ni rahisi, hakuna anayelihesabu.

Upepo wenyewe una dawa. Ukiitazama bahari pale Coco Beach, kusi hukujia kwa kulia na kuupinda mshipi tumbo kuelekea kushoto. Tupa kidogo upande wa upepo, shusha ncha ya fimbo karibu na maji mara chuma kinapotua, na tumia mshipi mwembamba wa kusokotwa wa ratili 30, na mbele yake mita 1 na nusu ya nailoni ya ratili 60 kwa ajili ya mwamba. Jigi fupi na zito la gramu 40 hadi 60 hupasua upepo. Popa kubwa ya plastiki, chambo bandia cha kuelea juu ya maji, hupeperushwa, hiyo isubiri kaskazi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye kalenda. Wengi husubiri bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapojaa na kupwa sana, kwa sababu maji yana nguvu. Lakini Dar wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Jua linapochomoza saa 12 na nusu, maji yanakimbia mwamba, na yakirudi mchana upepo umeshapanda kileleni. Wakati wa maji mafu, siku za nusu mwezi yanapojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kwa hiyo alfajiri yanapanda taratibu, upepo ukiwa bado dhaifu na mchanga haujatibuliwa sana. Una saa mbili, labda tatu, za kolekole kuingia juu ya mwamba na wewe kumfikia. Upepo ukianza kuvunja mawimbi kwenye ukingo wa mwamba, toka. Aliyezungukwa na maji huku nyuma yake kuna mfereji hana pa kukimbilia, na hapo aina ya chambo haimsaidii kitu.