Yeremia 29:11 ni ahadi ya nani?

Kila Januari mstari huu hurudi kwenye kalenda za ukutani na status za WhatsApp: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya…" Anayesubiri viza anaudai, anayetafuta ajira anaudai. Wanaosisitiza muktadha nao huja juu: barua ile hamkuandikiwa ninyi!

Kihistoria wana hoja. Yeremia aliwaandikia watu wa Yuda waliohamishiwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK. Mstari wa 10 unataja muda, miaka 70, kwa hiyo wengi waliokuwa watu wazima barua iliposomwa wangezikwa ugenini. Ndiyo maana ahadi inatanguliwa na maagizo: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto, uombeeni mji mliopelekwa mateka.

Rudi nyuma sura moja tu, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Nabii Hanania alitangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarejea. Yeremia mwenyewe aliitikia "Amina", ila akakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Hanania akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kuitumikia Babeli. Mwaka uleule akafa. Sasa mhubiri anayeutumia mstari wa 11 kuahidi kwamba kabla ya Desemba utakuwa umepata gari, kwa maoni yangu, anahubiri ujumbe wa Hanania kwa jina la Yeremia.

Lakini watu wa muktadha nao hukwama mahali. Mathayo 2:15 inachukua maneno ya Hosea 11:1, ambayo kwa Hosea yanahusu Israeli kutoka Misri, na kuyaelekeza kwa mtoto Yesu. Paulo, katika 1 Wakorintho 10:11, anasema yaliyowapata Waisraeli jangwani yaliandikwa ili kutuonya sisi. Tukishikilia kwamba neno ni la aliyeandikiwa tu, basi hata waraka huo wa Paulo ungebaki mali ya Wakorintho (na mahubiri ya Jumapili yangekuwa somo la historia). Mimi simnyang'anyi mgonjwa mstari huu. Mungu anayezungumza pale ndiye yuleyule ambaye mgonjwa anamwomba, na kukumbuka kwamba watu wake waliwahi kungoja miaka 70 kunaweza kumfaa kuliko tarehe ya kubuni.

Msomaji wa mapema wa unabii huo yumo ndani ya Biblia yenyewe. Danieli 9 inamwonyesha Danieli, akiwa bado Babeli, akiisoma hesabu ya Yeremia na kuichukua kuwa inamhusu yeye na watu wake. Miaka aliiacha vilevile 70. Kisha akafunga, akavaa magunia na kuungama dhambi za taifa lake.