Acheni kumwambia kila mwenye kamera ndogo anunue 50

Kijana akinunua kamera yake ya kwanza ya mirolesi (isiyo na kioo cha kuakisi ndani), iwe Sony a6000 ya mtumba au Canon R50 mpya ndani ya boksi, akiuliza aongeze lenzi gani ya bei nafuu anajibiwa kwa neno moja: 50, yaani lenzi ya milimita 50. Chukua 50 f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingiza mwanga ni kubwa), utaona picha zitakavyobadilika. Anayejibu haulizi kijana anapiga picha wapi, wala sensa ya kamera yake, kile kipande kinachopokea picha, ina ukubwa gani. Kijana anadunduliza miezi, anainunua, anakwenda nayo kwenye kipaimara cha binamu yake, na pale sebuleni anajikuta mgongo umegota ukutani huku nusu ya familia iko nje ya picha. Linaniudhi jambo hili, kwa sababu ile ni pesa ya jasho na kosa si lake.

Ushauri wa 50 ulikuwa sahihi enzi za filamu, na ni sahihi hadi leo kwa mwenye kamera ya fulu fremu, yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya kawaida ya milimita 35. Kwenye sensa ndogo ya APS-C mambo ni mengine. Kwa Sony, Fujifilm na Nikon unazidisha milimita za lenzi kwa 1.5, kwa Canon unazidisha kwa 1.6. Kwa hiyo 50 yako inaona kama 75 au 80. Hiyo ni lenzi ya uso na mabega. Ni nzuri kwa kazi hiyo, na mtu akitaka kupiga nyuso tu, nje, kwenye nafasi ya kutosha, sina ugomvi naye. Lakini wangapi wanaanza hivyo?

Fanyeni hesabu, haihitaji hata kikokotoo kikubwa. Sensa ya Sony APS-C ina upana wa milimita 23.5. Chukua umbali wako na mtu kwa mita, zidisha kwa 23.5, gawanya kwa milimita za lenzi, utapata upana wa eneo linaloingia kwenye picha. Ukisimama mita 3 na lenzi ya 50, unapata mita 1.4. Hao ni watu wawili waliobanana. Ukiwa na 30 pale pale uliposimama unapata mita 2.35.

Sasa turudi sebuleni. Kochi la watu watatu, na wengine wamesimama pembeni, ni kama mita 3 za upana. Kwa 50 unatakiwa usimame mita 6.4 kutoka kwao. Sebule za nyumba za kupanga zenye nafasi hiyo ni chache, na ukiondoa meza na kabati la televisheni hazipo kabisa. Kwa 35 unahitaji mita 4.5, kwa 30 mita 3.8, kwa 23 karibu mita 3. Ukumbini nako ni vile vile: kumpiga bibi harusi kichwa hadi miguu, kamera ikiwa wima na nafasi kidogo juu na chini, 50 inakutaka mita 4.3. Katikati ya mita hizo wataingia mashangazi watatu na simu zao. Kwa 30 unasimama mita 2.6, unamaliza kazi kabla hawajafika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lenzi ya kwanza ya bei nafuu kwa kamera hizi ni 30 au 35 yenye tundu kubwa. Anayeishi na kufanya kazi kwenye vyumba vidogo aende 23.

Na kwa nini tundu kubwa, badala ya zumu ndefu kama 55-210 ambayo wauzaji wanapenda kuifungasha na kamera? Kwa sababu tatizo la picha zetu za ndani mara nyingi ni mwanga, umbali si tatizo. Lenzi inayokuja na Sony, ile 16-50, ukiivuta mpaka mwisho inabaki na f/5.6. Kwenye ukumbi wenye taa za rangi na kasi ya shata 1/125 ya sekunde, kamera inapanda hadi ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inachokuza mwanga) na ngozi za watu zinajaa chembechembe. Lenzi ya f/1.4 inaingiza mwanga mara 16 ya ule wa f/5.6, kwa hiyo picha ile ile inapatikana kwa ISO 400. Yenye f/1.8 inaingiza karibu mara 10. Tofauti hiyo hata mama asiyejua chochote kuhusu kamera ataiona.

Lakini tundu kubwa lina gharama yake. 30 ikiwa f/1.4, mtu akiwa mita 1.5 kutoka kwako, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita 14 tu: jicho likiwa kali, sikio linaanza kulainika. Hapo washa fokasi ya jicho, usiiachie kamera ichague yenyewe. Na ukipiga kundi lililopanga safu mbili, punguza tundu hadi f/4. Ukisimama mita 4, kila aliye kati ya mita 3 na mita 6 atatoka vizuri. Wanaopiga kundi la watu kumi kwa f/1.4 halafu wanalalamika kwamba lenzi ni mbovu, lenzi haina kosa.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kituliza mtikisiko. Sony a6000, a6400 na ZV-E10 hazina kituliza ndani ya bodi. Hapo ndipo wanunuzi wa 50 wanapoumizwa mara ya pili, maana Sony ina 50 f/1.8 mbili tofauti kabisa. Moja ni E 50 f/1.8 OSS, imetengenezwa kwa sensa ndogo na ina kituliza. Nyingine ni FE 50 f/1.8, imetengenezwa kwa fulu fremu, haina kituliza, na fokasi yake ni ya polepole tena ina kelele inayosikika kwenye video. Kwenye boksi tofauti ni herufi moja: ya kwanza ni SEL50F18, ya pili ni SEL50F18F. Muuzaji anasema "zote 50, zote Sony", na anaamini anachosema. Ukikazana kununua 50 kwa kamera hizo, soma herufi ya mwisho kabla ya kutoa hela.

Ya kununua sasa. Kwa Sony, Sigma 30 f/1.4 DC DN ndiyo ninayoitetea bila kusita. Ilitoka 2016, bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 339, kwa hiyo za mtumba zipo nyingi. Ina gramu 265, inatumia filta ya milimita 52, inafokasi kuanzia sentimita 30. Haina kituliza, na kwa picha za watu hilo halinisumbui: kituliza kinazuia mkono wako kutikisika, hakimzuii mtoto kukimbia. Weka shata 1/125 au zaidi, basi. Kwa video ya mkononi nakubali, shingo upande, kwamba Sony E 35 f/1.8 OSS itakufaa zaidi, ingawa kwa kawaida ni ghali kuliko Sigma.

Kuna Viltrox na TTArtisan kutoka China, na nyingi ni nzuri kuliko watu wanavyozisema. Angalizo ni moja: programu ndani ya lenzi inahitaji kusasishwa mara kwa mara, hasa ukibadilisha bodi. Viltrox 33 f/1.4 ina tundu la USB nyuma, pale inapokaa kwenye kamera. TTArtisan 27 f/2.8 unaisasisha kupitia kifuniko chake cha nyuma, kwa hiyo kile kifuniko usikipoteze. Zisizo na otofokasi kabisa ndizo rahisi kuliko zote, lakini kwenye Sony lazima uingie kwenye menyu na kuiruhusu kamera kupiga bila lenzi, la sivyo shata haifunguki na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Kwa sherehe sizishauri. Watu hawatakusubiri uzungushe pete ya fokasi.

Kwa Canon mambo ni mafupi. Mwenye M50 atafute EF-M 22 f/2: gramu 105, inaona kama 35, na ndiyo lenzi bora ya bei ndogo kwenye mfumo ule. Ila ajue mfumo wenyewe umesitishwa, na lenzi hiyo haiwezi kuhamia R50. Hakuna adapta ya kuomba, kwa sababu lenzi za EF-M hukaa milimita 18 kutoka kwenye sensa na bodi za RF, yaani za familia ya R50, zinaanzia milimita 20. Mwenye R50 aangalie RF 28 f/2.8, ambayo inaona kama 45.

Anayepiga harusi kwa malipo ni habari nyingine. Huyo asihangaike na lenzi isiyo na zumu peke yake, ajikusanye afikie Sigma 18-50 f/2.8, gramu 290, iliyoanza kwa dola 549. F/2.8 ni mwanga mara nne ya f/5.6, na hatabadilisha lenzi maharusi wakiwa wanaingia.

Na kama hela bado haijatosha, a6000 na a6400 zina flashi ndogo inayochomoza juu. Ivute nyuma kwa kidole mpaka itazame dari. Dari ikiwa nyeupe na si ya juu sana, mwanga unarudi ukiwa laini na ile 16-50 inaanza kutoa picha za heshima.

Kabla hujanunua chochote, hiyo 16-50 ikusaidie kuchagua. Izungushe mpaka skrini iandike 30, upige sherehe moja nzima bila kugusa zumu. Ukizima kamera inarudi 16, kwa hiyo uirudishe 30 kila ukiwasha. Ukiwa unarudi nyuma kila dakika, unahitaji 23. Ukiwa unasogea mbele kila dakika, 35 au hata 50 ni yako kweli.

Ukienda kwa muuzaji wa mtumba, nenda na bodi yako na tochi ya simu. Fungua kifuniko cha mbele na cha nyuma, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni fangasi, hiyo iache hata kama bei inavutia, na kwa anayenunua Dar, Tanga au Mombasa kagua mara mbili kwa sababu joto na unyevu wa pwani ndivyo fangasi inavyovipenda. Angalia skrubu za nyuma: zikiwa zimechubuka, lenzi ilishafunguliwa. Halafu piga ukuta wa matofali ukiwa umeutazama moja kwa moja, tundu likiwa wazi kabisa, na ukuze picha kona zote nne. Kona zote zikilainika sawasawa ni kawaida. Moja ikiwa na ukungu na nyingine kali, vioo vimehama, pengine iliwahi kuanguka. Sigma za zamani za f/2.8 zinagonga ndani ukizitikisa bila umeme. Hizo ziko salama, ndivyo zilivyoundwa.

Ukifika nayo nyumbani usiiweke kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Tafuta kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, tupia ndani pakiti za silika, na uzikaushe au uzibadilishe zinaposhiba unyevu.